Udongo wa Mkunga

Mkunga wetu alikuwa na mdomo mchafu kuliko mwanamke yeyote wa kanisani niliyewahi kukaa naye benchi moja, na mikono safi kuliko wote. Mikono aliisugua kwa sabuni ya kipande hadi kwenye viwiko, mara tatu, kila mara kwa maji mapya. Kisha alitoa kijiti cha kiberiti nyuma ya sikio akachokonoa kucha moja baada ya nyingine, huku mwenye uchungu akimlilia aharakishe. Hakuharakisha. "Mgeni hasukumwi mlangoni," alikuwa akisema, na mgeni ni mtoto.

Alikotoka sikuuliza, na ukoo wake haunihusu. Najua tu kwamba Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kikuyu kama chai na maziwa, na kwamba sisi sote wa safu zile za Kariobangi, Wakikuyu kwa Wakamba, tulimwita Cucu, yaani nyanya. Tukimsema akiwa hayupo tulimwita Mkunga. Jina lake la ubatizo lilikuwa kwenye daftari la kanisa, na huko lilibaki.

Mwanamke akipiga kelele alimwinamia sikioni na kumwuliza kwa sauti ya kusikika hadi uani, "Na hiyo siku ingine, ulilia hivi?" Waliosubiri nje walicheka, na mara nyingi mwenye uchungu mwenyewe alicheka, na katika kicheko hicho mwili ulilegea. Waume hakuwapenda wakiwa wamesimama bure. Jirani yetu mmoja alikuwa askari, mtu wa kuogopwa mtaa mzima kwa ajili ya kofia yake. Mkewe alipojifungua, Mkunga alimkabidhi beseni la nguo zenye damu akamwambia, "Afande, hii ndiyo kazi yako. Ile ingine ulishafanya." Askari alifua. Alifulia pale uani, mbele ya macho yetu wote, kofia ameitundika kwenye msumari.

Kanisani alikaa nyuma kabisa na alisali macho wazi. Mwinjilisti alipomwuliza sababu, alimjibu kwamba Mungu anajua kazi yake na kwamba anaweza kuitwa wakati wowote. Mahubiri yakizidi alilala, tena kwa kukoroma, lakini kwenye "Amina" hakukosa hata mara moja. Tulikuwa tukimtania kwamba anasikia kwa goti.

Alipenda kusema, "Mficha uchi hazai," na kwake haikuwa methali ya kupamba mazungumzo. Alitaka kujua kila kitu: umekula nini, umelala vipi, choo ulipata lini, mume alikuja nyumbani akiwa mzima au amelewa. Usipomwambia alikuangalia mpaka ukamwambia. Alijua mambo ya vyumba vyetu kuliko padri yeyote, na sijawahi kusikia neno la chumba kimoja likitokea kwenye chumba kingine kupitia mdomo wake, pamoja na uchafu wake wote.

Manesi wa kliniki ya halmashauri aliwasema vibaya asubuhi na jioni. Aliwaita "watoto wa gauni." Lakini mtoto akilala vibaya tumboni yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbilia mkokoteni. Alimpeleka Mama Njoroge, jirani yangu wa ukuta mmoja, juu ya gunia la maranda, yeye na mwenye mkokoteni wakisukuma bega kwa bega hadi lango la hospitali. Nilifuata nyuma nikiwa nimebeba birika na khanga. Nesi wa langoni alimtukana, akamwita mchawi wa mitaani, mbele ya watu. Mkunga aliinamisha kichwa. "Ndiyo, sista. Ndiyo, sista." Alisema hivyo hadi Mama Njoroge alipoingizwa ndani na mlango ukafungwa. Ndipo aligeuka, na kutoka pale hadi nyumbani alimtukana yule nesi na mama yake na aliyemshonea gauni, bila kurudia tusi.

Na jambo moja alilojivunia waziwazi ni hili: hakubagua. Miaka ile watu walikuwa wameanza kuulizana majina kwa maana nyingine, na nyumba zilikodishwa kwa kabila. Yeye alisema mtoto hatoki na kipande shingoni. Alikuwa amekiona kile kipande cha zamani, kitambulisho cha wakati wa mkoloni, kikining'inia shingoni mwa mumewe, na neno hilo alilitamka kwa hasira ya kweli. Ukitaka kumwumiza, ulijua pa kugusa.

Sasa niseme habari ya udongo.

Mwanamke ambaye mimba haikumpa hamu ya udongo hawezi kuelezwa akaelewa. Mvua ya kwanza ikipiga vumbi, harufu inapanda, na mate yanajaa mdomoni mpaka unaona aibu. Mama zetu walikula, nyanya zetu walikula. Kwetu Machakos tulibomoa kichuguu. Sokoni Gikomba kulikuwa na odowa, yale mawe ya kula yanayoletwa kutoka upande wa ziwa, lakini ni magumu na yanakwaruza ulimi. Mkunga alikuwa na udongo wake mwenyewe, na kila mwanamke aliyekuwa mikononi mwake alipewa kuanzia mwezi wa tatu, bure, umefungwa kwenye kipande cha gazeti.

Nyuma ya safu ya mwisho ya nyumba zetu palikuwa na kiwanda cha betri za magari. Kilikuwa kimefungwa kabla sijafika Nairobi. Mwenyewe aling'oa mashine akaenda zake, watu wakachukua mabati, wakachukua mbao, ukabaki ukuta wa mawe na uwanja ambao madimbwi yake ya mvua yalikuwa na rangi. Nje ya ukuta huo kulikuwa na mtaro mkavu, na kingo zake zilikuwa za udongo wa kijivu, laini, usio na mchanga. Huko ndiko alikochimba. Hakujificha. Alikwenda asubuhi na karai na kijiko kikubwa, akisalimia watu njiani.

Na alikuwa na sababu ya kupachagua, nasi tuliikubali kwa sababu ilikuwa na akili. Pale hapakuota kitu. Hata magugu hayakuota. Sisi wanawake tuliotoka mashambani tunajua kwamba udongo wa kuliwa hauchimbwi penye mbolea, wala penye choo, wala penye mizizi, kwa sababu mahali penye uhai pana wadudu na uchafu. Udongo safi ni ule usioguswa na kitu. Kwa hiyo Nairobi nzima, iliyojaa maji taka na jaa, Mkunga alikuwa ametupatia mahali pamoja tu pasipo na uchafu. Tulimshukuru kwa hilo.

Aliuanika juu ya bati, akauchekecha kwa kitambaa chake cha zamani cha kichwa, akaukausha kwenye kikaango juu ya jiko la makaa. Ulikuwa mtamu. Sitafuti neno jingine. Ulikuwa na utamu wa mbali na uchachu kidogo wa kuamsha ulimi, na kichefuchefu kilitulia papo hapo. Yeye mwenyewe alikuwa na bonge shavuni wakati wote wa kazi, akilihamisha kutoka upande huu hadi ule huku akitukana.

Tumbo la kukata lilikuwa la kawaida kwetu. Tulilaumu sukuma wiki iliyolimwa kwa maji taka. Watoto wadogo kuliko kawaida, tulilaumu umaskini. Mama Njoroge, ambaye alirudi salama kutoka hospitali ile mara ya kwanza, alipoteza mimba mbili zilizofuata, ya miezi saba na ya miezi sita, na hapo tukalaumu jicho la mama mkwe wake. Mkunga aliwaosha watoto wale wawili kana kwamba wanakwenda kubatizwa, akawafunga, akakaa na Mama Njoroge siku tatu bila kutukana mtu.

Baada ya hapo alianza tabia mpya. Ulipokwenda kwake alikusimamisha mlangoni penye mwanga, akaushusha mdomo wako wa chini kwa kidole gumba, akatazama ufizi. Hakueleza. Tulidhani ni uzee. Siku moja nilimkuta amekaa uani na kipande cha kioo, ameshusha mdomo wake mwenyewe, anajitazama. Aliponiona aliweka kioo chini akaniuliza kama nina kazi ya kufanya kwangu.

Yanayofuata sijawahi kumwambia mtu, na nitayasema polepole ili yaeleweke.

Mutua, mwanangu wa kwanza, nilimzaa kwa mama yangu Machakos. Mimba ya pili ilinikuta Kariobangi, na mwezi wa tatu ulipofika nilikwenda kwa Mkunga kama kila mtu.

"Umeisha," aliniambia.

"Umeisha vipi, Cucu, na mtaro uko pale?"

"Nimesema umeisha, Mama Mutua. Kula ndimu."

"Ndimu inanichoma."

"Basi kula miwa. Udongo hakuna."

Niliondoka. Lakini jioni ile ile nilimwona Mama Njoroge bombani akitafuna, na mimi najua mtu anayetafuna udongo, shavu haliwezi kudanganya. Leo najua kwamba alikuwa na akiba ya zamani. Siku ile sikuuliza. Nilikuwa na miezi mitatu, nina njaa ya kitu kimoja tu duniani, na nilikuwa nimechoka na mji ambao ukisema jina lako mwenye nyumba anakwambia chumba kimeshachukuliwa. Nilijenga maneno usiku kucha. Asubuhi nilisimama uani kwa Mkunga, kukiwa na wanawake wanne au watano wakichagua maharagwe, nikasema kwa sauti:

"Wenzako wa kabila lako unawapa. Sisi Wakamba hatuna midomo?"

Mikono yote ilisimama kwenye maharagwe. Mkunga alinitazama. Sijui alitaka kusema nini, maana mdomo wake ulifunguka na ukafungwa. Angeweza kuniambia ameona nini kwenye fizi zetu. Nadhani hakuwa na hakika, na nadhani aliogopa kuwatisha wale waliokwisha kula, yaani wote waliokuwa pale uani. Aliingia ndani. Alitoka na mkebe wa mafuta ya kupikia, umejaa udongo hadi juu.

"Chukua," alisema. "Na usinirudie na hiyo maneno tena."

Niliupokea kwa mikono miwili, kama mtu mwenye adabu. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeshinda. Ulipokwisha sikurudi kwake kuomba, kwa kiburi. Nilichukua kijiko nikaenda mtaroni mwenyewe, na nilichimba hadi mwezi wa tisa.

Mbithe, binti yangu, alipozaliwa hapakuwa na utani. Mkunga alimpokea, akamfuta, akampiga nyayo, na mtoto alilia kidogo tu, kama mtu anayeamshwa usingizini. Alimshika muda mrefu kuliko ilivyokuwa desturi yake. Nilimwambia anipe mwanangu. Akanipa.

Kufika mwaka mmoja Mbithe alikuwa hajaweza kukaa. Miaka miwili hakuwa na neno. Alitapika, alishikwa na tumbo akajikunja, kisha kikaanza kifafa, na kila kilipomshika nilihesabu pumzi zangu mwenyewe kwa sababu zake sikuweza kuzisikia. Baba Mutua alikuwa dereva wa lori, wiki mbili barabarani na siku mbili nyumbani, na siku hizo mbili alizitumia kumwombea. Mkunga alikuja kila asubuhi. Alimkanda miguu, akamwimbia, akamwita majina ya ajabu ya kuchekesha. Mtoto alimcheka yeye kabla ya kunicheka mimi. Nilimwona Mkunga akimtazama, na nilijua anajua kitu, lakini sikumwuliza, na leo sijui kama nilikuwa nangoja aseme au nilikuwa naomba asiseme.

Hospitali kubwa ya mjini tulizungushwa miezi. Hatimaye tukafika kwa daktari mmoja kijana, mpole, aliyemtazama mtoto kisha akanitazama mimi.

"Fungua mdomo, mama. Si mtoto. Wewe."

Alishusha mdomo wangu wa chini kwa kidole gumba. Nilipoona kidole kile kikija, nilikijua.

"Kuna mstari wa buluu kwenye ufizi," alisema. "Unaishi karibu na nini?"

Nilimwambia. Walichukua damu yangu na ya mtoto, na tuliporudi alituambia ni madini ya risasi, yale mazito ya ndani ya betri, na kwamba yalikuwa yamemwingia mtoto akiwa bado tumboni.

"Ulikula kitu kutoka hapo kiwandani?"

"Udongo."

"Nani alikupa?"

"Mkunga wa mtaa," nilisema. Nikaishia hapo.

Nilimwuliza kama Mbithe atapona. Alikuwa mtu mwema, hakuzunguka. Aliniambia dawa inaweza kupunguza yaliyomo kwenye damu, lakini kilichokwisha haribika kichwani hakirudi. Nilimbeba mtoto nikatoka, na sikumbuki njia ya kurudi. Nakumbuka tu kwamba nilipofika bombani wanawake walikuwa wamepanga ndoo, na nikawaambia yote, isipokuwa lile moja.

Habari ilipita kwenye safu zetu kabla maji hayajajaa ndoo ya pili. Kila mmoja alishika tumbo lake. Mama Njoroge alikaa chini matopeni akawataja watoto wake wawili, ambao hawakuwa na majina, akawaita "yule wa kwanza, yule wa pili." Kisha akainuka, na sisi sote tukaondoka naye. Tulifika kwa Mkunga na mawe yakaanza kupiga bati. Mimi sikurusha. Sikuwa na haja ya kurusha.

Alitoka akasimama mlangoni. Kichwa hakikuwa na kitambaa, na ndiyo mara ya kwanza niliona mvi zake. Mama Njoroge alimwuliza kama ni kweli alitulisha sumu ya betri. Mkunga aliwatazama wote mmoja mmoja hadi aliponifikia mimi. Pale alikawia. Neno moja tu lingetosha. Angesema, "Mama Mutua, wewe nilikukatalia," na wale wanawake wa maharagwe walikuwepo, wangekumbuka. Nilisimama na mtoto mgongoni nikingoja lile neno.

"Ni kweli niliwapa," alisema. "Mimi pia nilikula. Sikujua, na nilipoanza kujua nilinyamaza."

Basi. Wiki ile alihamia Huruma kwa mwanawe, akiwa amebeba kiondo na lile beseni la kuoshea watoto. Hakuna aliyemsindikiza. Kiwanda hatukukipiga jiwe hata moja. Ukuta ule ulikuwa pale, mrefu, umbali wa hatua mia mbili, na hakuna aliyekumbuka kuuendea, kwa sababu hatukujua mwenyewe ni nani wala yuko nchi gani, lakini Mkunga tulijua anapolala. Nilikwenda kwa chifu. Karani aliniambia ile ardhi kwa sasa haina mtu wa kuulizwa. Nilikwenda tena, akaniambia nilishajibiwa. Mafundi wa vyuma walihamia pale uwanjani na watoto wao wakacheza kwenye mtaro, na nilipowaambia mama zao walinitazama kama ninavyotazamwa hadi leo nikisema habari ya udongo ule.

Miaka ikapita hivyo. Wanawake walikwenda kliniki, wakajifungulia huko kimya, na waume walisimama bure. Mbithe alijifunza kutembea, alijifunza kula kwa kijiko, alijifunza maneno machache na kuyatumia kwa mambo mengi. Shule ilimkataa mara mbili. Kila mtu akimtazama kisha akinitazama kwa huruma, alisema "yule kikongwe Mungu atamlipa," nami nilisema amina. Nililala na hilo. Niliamka na hilo. Nilifunga na kuomba, na nilipofika mahali pa kuungama, ulimi uligeuka ukaomba mvua.

Mbithe alipokuwa na miaka tisa nilisikia kwamba Mkunga amekwisha, kwamba mikono haifanyi kazi. Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu nilimvisha mtoto gauni la Jumapili, tukatembea kwa miguu hadi Huruma. Nilikuwa nimeamua kusema, tena mbele ya watu wake.

Ilikuwa ghorofa ya tatu, chumba kimoja, pazia katikati. Mke wa mwanawe, msichana mwenye kitambaa chekundu, alitufungulia. Alimtazama mtoto wangu, kisha akanitazama, akajua.

"Ni nyinyi wa Kariobangi," alisema. "Mathe ako hapo. Anakataa kukula. Mimi nimechoka naye, heri mungemchukua nyinyi."

Mkunga alikuwa kitandani, ameegemezwa ukutani. Mikono ilikuwa imelala juu ya blanketi, na viganja vilining'inia kutoka kwenye vifundo, havikuweza kuinuka. Ile mikono. Nilishika mdomo wangu.

"Mama Mutua," alisema, bila mshangao. "Leta mtoto penye mwanga."

Nilimsogeza Mbithe. Mkunga aliniagiza mimi nimshushe mtoto mdomo wa chini, kwa sababu yeye hawezi. Alitazama ufizi kwa makini.

"Umesafika. Anakula?"

"Anakula, Cucu."

"Analala?"

"Analala."

"Anakusumbua?"

"Hapana," nilisema, na machozi yakaanza kunitoka. "Cucu, nimekuja kusema kitu. Nataka na huyu asikie." Nilimwonyesha yule msichana kwa kichwa.

Mkunga alimgeukia. "Wewe, nenda chini ulete maji."

"Maji iko, Mathe."

"Nimesema leta maji." Sauti ile ya zamani ilikuwa bado humo ndani. Msichana alichukua mtungi akatoka, na hatua zake zikashuka ngazi.

"Ulinikatalia," nilisema. "Nikakutukana mbele ya watu, ukanipa. Na ulipokwisha nilikwenda kuchimba mwenyewe. Kila siku nilichimba mwenyewe. Nimewaacha watu wakupige mawe."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Baba Mutua?"

"Hapana."

"Basi usimwambie."

"Cucu, siwezi tena. Acha niseme, wakuache ufe na heshima yako."

"Heshima nitaenda nayo wapi?" Alipumzika, maana kusema kulimchosha. "Mimi niliwapa wengi bila kulazimishwa na mtu. Wa Mama Njoroge niliwaosha kwa hii mikono. Wako akiongezeka hapo juu hata sitasikia uzito. Lakini wewe sikiliza. Huyu mtoto kichwa yake haitabeba mambo mawili. Itabeba moja. Ukiwaambia watu, watamwambia yeye kwamba ni mama yake alimfanya hivi, na hiyo moja ndiyo atashika mpaka afe. Nani atamlisha akikukataa? Nani atamwosha?"

Mbithe alikuwa amepanda kitandani. Alikiinua kiganja cha Mkunga, akakiachia, kikaanguka, akacheka. Akakiinua tena. Mkunga naye alicheka, na akamwita mojawapo ya yale majina ya zamani ya kuchekesha, na sijui kama mtoto alilikumbuka.

"Waache waseme ni mimi," aliniambia. "Wameshazoea."

Msichana alirudi na mtungi. Nilikunywa maji yake nikamshukuru. Aliniuliza, "Ulikuwa unataka kuniambia nini?" Nilimwambia hakuna kitu. Nilimpa mkono Mkunga, yaani nilichukua wake, nikauweka tena juu ya blanketi.

Kwenye ngazi Mbithe alisimama. Watoto wa mtaa walikuwa wamemfundisha tangu akiwa mdogo kwamba kuna nyanya mmoja mbaya aliyemharibu, na hilo alikuwa amelishika. Alinivuta gauni akaonyesha juu tulikotoka.

"Mama. Ni yule mbaya?"

Hapakuwa na mtu kwenye ngazi ila mimi na yeye. Nilimwambia ndiyo, ni yule.